Tangi la plastiki limeshikaje kutu? Jibu kwa dada wa Kisauni

Dada mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Asalam aleikum kaka. Tuna kisima cha mashine hapa nyumbani, maji yakitoka ni meupe pee, yakilala kwa tangi asubuhi yamekuwa kama chai ya rangi. Ndani ya paipu kuna ute wa machungwa, na tangu mwaka jana kichwa cha shawa kina weusi kama masizi. Fundi asema paipu zimeshika kutu tuzibadilishe, lakini zote ni za plastiki! Jirani asema ni bakteria. Kanzu ya mume wangu ya Ijumaa ishaharibika. Sasa nauliza, hao bakteria ndio wanaoleta madini kwa maji ama ndio wanaoyatoa? Na watoto wakinywa?"

Wa aleikum salaam dadangu. Nimelipenda hilo swali lako la kuleta ama kutoa, manake watu wengi wakiniuliza huuliza dawa ya kuua tu, basi. Wewe umeuliza penyewe. Jibu ni kwamba hao unaowaona kwa paipu wanayatoa, yani wanashika chuma kilichoyeyuka kwa maji wanakigeuza kuwa tope gumu, lakini tope hilo hilo ukiliacha likae chini ya tangi bila hewa wanakuja bakteria wengine kabisa wanalirudisha kwa maji, na halirudi peke yake. Shika hayo mawili, mengine yote ntakayokwambia yanatoka hapo.

Tuanze na fundi. Usibadilishe paipu, hizo pesa weka. Chuma hakikutoka kwa paipu, kimetoka chini pamoja na maji. Chukua sukari kwa chai, ukishakoroga huioni lakini ukionja ipo. Chuma nacho kikiwa chini ya ardhi mahali pasipo na oksijeni kinayeyuka hivo hivo, maji yanakuwa maangavu, ukiyakinga kwa glasi unaweza kuapa ni ya mvua. Shida inaanza yakipanda juu yakikutana na hewa. Oksijeni inakinyang'anya kile chuma elektroni moja, na chuma kilichonyang'anywa hakipendi tena kukaa kwa maji, kinaganda, kinakuwa oksidi, yani chuma kilichoshikana na oksijeni, ndo hiyo rangi ya chai uionayo asubuhi. Kutu ya msumari na tope la tangi lako ni ndugu wa baba mmoja.

Na chuma chenyewe kiko kila mahali hapa kwetu. Ule mchanga mwekundu unaouona ukielekea Kilifi, wekundu wake ni oksidi ya chuma iliyojipaka kwa chembe za mchanga. Ikiwa maji ya chini yana hewa ya kutosha ule wekundu unakaa palepale hausumbui mtu. Lakini leta uchafu unaooza, na Kisauni wajua ilivyo, nyumba zimebanana, choo cha shimo hapa kisima pale, basi bakteria wanaokula ule uchafu wanamaliza oksijeni yote iliyoko kwa maji, na hapo ndo chuma na mwenzake manganisi, metali nyengine ya ardhini, wanaanza kuyeyuka. Kwa hivo kisima kikianza kutoa chuma ambacho zamani hakikuwepo mimi huwa nauliza kwanza, je kuna choo kipya karibu? Nakuuliza na wewe. Siwezi kusema ndo sababu kwako, ila liangalie hilo kabla ya lolote.

Sasa huo ute. Chuma kingekuwa kinaganda chenyewe tu ungekuta unga, vumbi la kutu lililotulia chini. Ute unaovutika kama bamia ni dalili ya kitu hai. Ukiuweka chini ya hadubini utaona kitu ambacho mimi mara ya kwanza nilikikodolea macho saa nzima. Kuna bakteria anaitwa Gallionella, ana umbo la haragwe, na upande wake mmoja anatoa nyuzi nyembamba za kutu zilizosokotana kama kamba ya katani, kamba ndefu kumshinda yeye mwenyewe mara nyingi. Mjerumani Ehrenberg alimwandika toka miaka ya 1830. Kwa nini asokote kamba? Maelezo yanayokubalika ni kwamba asipofanya hivo kutu itamgandia mwilini imzike mzima mzima, kwa hivo anaisukuma nje uzi kwa uzi na yeye anabaki kileleni akiwa huru. Mwenzake Leptothrix anafanya mambo tofauti, anajenga mrija mfano wa mrija wa soda, wanakaa ndani wamepangana foleni, mrija unapakwa chuma mpaka unakuwa mzito, alafu wanahama wanajenga mwengine mbele. Kwa hivo sehemu kubwa ya ule ute kwa paipu yako ni nyumba tupu, wenyewe washaondoka zamani.

Na wanafanya hivo kwa ajili ya chakula. Mrusi Winogradsky mwaka 1888, wakati huo akifanya kazi Strasbourg, ndiye aliyetoa hoja kwamba kuna viumbe wanaoishi kwa kuchoma chuma vile sisi tunavyochoma wanga. Sasa chuma ni chakula maskini sana, nguvu unayopata ni kidogo mno, kwa hivo bakteria mdogo asiyeonekana inabidi apitishe chuma kingi kupita kiasi ili apate tu kujigawa mara moja. Ndo maana unapata ndoo nzima ya tope na bakteria wenyewe ukiwakusanya hawajai kijiko.

Pia wana mashindano na hewa. Kwa maji yenye oksijeni tele na pH (kipimo cha asidi, kikipanda asidi inapungua) ya 7 kwenda juu, kama haya yetu yaliyopita kwa jiwe la matumbawe, chuma kinaganda chenyewe ndani ya dakika chache tu, na kila pH ikipanda namba moja kasi inazidi mara 100. Bakteria hamuwezi mshindani kama huyo, kwa hivo anaenda kukaa pale ambapo oksijeni ipo lakini kiduchu, mpakani, na mpaka wenyewe ni pale kisimani juu ya pampu, ndani ya paipu, kwa maungio. Kwa tangi lako lililo wazi juu kazi kubwa inafanywa na hewa yenyewe, kwa paipu ni wao.

Nikueleze na ile ngozi inayometameta rangi rangi juu ya maji yaliyotuama mtaroni nje, manake najua ipo hata kama hukuitaja. Watu huogopa wakidhani petroli imeingia kisimani. Chukua kijiti uichokore. Ikipasuka vipande vipande kama gamba na vipande visirudiane, hiyo ni chuma. Ikijikusanya tena ikafunga, hiyo ni mafuta, na hapo uache kutumia maji hayo kabisa mpaka yapimwe.

Haya, huo weusi wa shawa ndo ulionifanya niandike marefu, kwa sababu huo si chuma. Ikiwa hauna harufu ya yai viza basi karibu hakika ni manganisi (ukinuka yai viza ni salfaidi, hiyo ni hadithi ingine). Manganisi ni mkaidi. Chuma kinashindwa na hewa kwa dakika, manganisi kwa maji ya kawaida ya kunywa unaweza kuipulizia hewa wiki nzima isitikisike, ikiachiwa hewa peke yake inaweza kuchukua miezi au hata miaka. Kwa hivo ukiona imeganda nyeusi kwa kichwa cha shawa jua kuna mtu ameifanyia kazi, na mtu huyo mara nyingi ni bakteria. Wana enzaimu, yani protini za kuharakisha kazi, zenye shaba ndani yake zinazoifanya kazi hiyo kwa kasi ambayo hewa haiigusi. Na ikishaganda tabaka la kwanza, lile tabaka lenyewe linavuta ingine ije kujibandika juu, kwa hivo weusi huanza polepole alafu ghafla unaona umejaa.

Kuna kisa nakipenda sana kuhusu hili. Zaidi ya miaka 100 wanasayansi walikuwa wanadhani lazima wapo bakteria wanaoishi kwa kula manganisi kama wenzao wanavyokula chuma, lakini hakuna aliyewapata. Wale waliojulikana walikuwa wanaigandisha tu bila kuonekana wanafaidika nini. Basi Jared Leadbetter, mwalimu wa Caltech kule California, alikuwa na jagi la kioo lililopakaa kaboneti ya manganisi, unga kama chaki, akaliloweka na maji ya bomba kwenye sinki la ofisini kwake, akaondoka kwenda kufanya kazi kwengine miezi kadhaa. Kurudi, jagi limekuwa jeusi! Mwengine angelisugua akaendelea na maisha yake. Yeye akajiuliza ni nani amefanya hivi, wakakaa na mwenzake Hang Yu wakachunguza, na mwaka 2020 wakatangaza kwa jarida la Nature kwamba wamewapata bakteria wanaokua kwa nguvu ya manganisi peke yake. Walikuwemo kwa maji ya bomba muda wote. Kwa hivo weusi kwa shawa yako dadangu usiuone uchafu tu, wenzetu waliupata kwa sinki ukawafumbulia kitendawili cha zaidi ya karne.

Sasa tuje kwa hilo la kuleta na kutoa, manake hapa ndo penye faida na ndo penye hatari.

Oksidi mpya, ile iliyoganda jana na juzi, si kama jiwe. Ni laini, imejaa vitundu vidogo visivyoonekana, gramu moja tu ya kutu changa ukiweza kuikunjua ina uso wa zaidi ya mita mraba 200, yani sakafu ya nyumba kubwa imekunjwa ndani ya ncha ya kijiko. Na uso huo wote unanata. Kutu ya chuma kwa maji ya kawaida inavuta sana aseniki na fosfeti. Oksidi ya manganisi ina chaji hasi, kwa hivo inavuta metali zenye chaji chanya, risasi kwanza kabisa, alafu kobalti, nikeli, zinki, shaba. Tena manganisi haivuti tu, inabadilisha, ile aina ya aseniki iliyo mbaya na ngumu kushika inaigeuza kuwa aina ambayo kutu inaishika kirahisi. Wakiwa pamoja hao wawili wanasaidiana vizuri ajabu. Upande wa pili wa shilingi, kromiamu isiyo na madhara sana manganisi hiyo hiyo inaweza kuigeuza kuwa ile aina ya sumu, kwa hivo sitasema ni malaika.

Faida yake ni kwamba maji yaliyopita kwa ule ute, ikiwa yalikuwa na metali kidogo, yanatoka yakiwa yamepungukiwa. Bakteria wako wanakusafishia maji bila malipo, na sisi hapa Mombasa baada ya yaliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru na risasi ya kiwanda cha betri hatuhitaji kuambiwa mara mbili metali ndani ya mwili wa mtoto ni kitu gani.

Hatari yake ni hii. Ile sumu haijaondoka, imehamia kwa tope. Tope likikaa chini ya tangi, na tangi za watu wengi hazijaoshwa toka zinunuliwe, juu yake linaanguka jani, mjusi, vumbi, mwani unaokufa, kule chini oksijeni inaisha. Na hapo wanaamka wale wengine. Kuna Geobacter, wa kwanza alitolewa kwa tope la mto Potomac Marekani mwaka 1987, na kuna Shewanella wa ziwa Oneida, naye alitangazwa 1988. Hawa wanapumua kutu. Sisi tunavuta hewa tukimaliza kula, wao wanashika oksidi ya chuma au ya manganisi wanaitumia badala ya oksijeni, na wakishaitumia inayeyuka tena, na kila kilichokuwa kimenata juu yake kinaachiwa kwa maji. Bangladesh mamilioni ya watu wamekunywa aseniki kwa njia hii hii, hakuna kiwanda kilichoimwaga, ni bakteria chini ya ardhi walioyeyusha kutu iliyokuwa imeishikilia toka zamani. Sisemi kisima chako kina aseniki, hapa kwetu si Bangladesh. Nataka tu uone kwa nini tope si kitu cha kuachia.

Kuhusu watoto. Chuma chenyewe kwa kiasi cha kawaida si sumu, kuanzia kama miligramu 0.3 kwa lita kinaleta ladha na madoa, na chai inakuwa nyeusi kama wino kwa sababu majani ya chai yakikutana na chuma yanafanya kitu kama wino wa zamani. Bakteria wa chuma pia hawaleti ugonjwa, ila ute wao ni kichaka, bakteria wengine wabaya wanajificha humo hata klorini isiwafikie. Manganisi ndo nataka uichukulie kwa uzito. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kikomo cha miligramu 0.08 kwa lita, na sababu hasa ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, manake ikizidi inagusa ubongo. Kwa hivo ikiwa kuna mtoto wa chupa hapo nyumbani, tumia maji mengine kwa ajili yake toka leo usisubiri majibu ya maabara. Na kuchemsha hakusaidii hapa, kunaua vijidudu vya tumbo lakini manganisi inabaki pale pale, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea.

Peleka maji yakapimwe, na hapa sikiza vizuri kwa sababu nimeona majibu mengi ya uongo yaliyotokana na chupa tu. Mtu anakinga maji maangavu anayapakia kwa matatu, anafika maabara chuma kishaganda kimejibandika kwa chupa, wanapima maji ya juu wanamwambia maji yako safi. Waombe maabara chupa yao iliyotiwa asidi kidogo, hiyo inazuia kuganda. Washa pampu, iache iende dakika 10 au 15 maji yaliyolala kwa paipu yatoke, ndo ukinge. Kinga ya pili kwa mfereji wa jikoni. Sema unataka chuma, manganisi, risasi na aseniki, na kwa chupa ingine safi isiyo na asidi wapime bakteria wa kinyesi, kwa ajili ya lile suala la choo.

Sasa dawa. Mafundi wengi wataanza na kumwaga klorini kisimani, ute unakufa, wiki mbili tatu maji mazuri, alafu unarudi, kwa sababu chakula chao bado kinapanda na maji kila siku. Wenzetu wa Denmark na Ujerumani maji yao ya chini ya ardhi yana chuma na manganisi vilevile, na vituo vyao vingi vinafanya kitu rahisi, wanayarusha maji hewani alafu wanayapitisha kwa mchanga, na mchanga wenyewe wanauacha uote bakteria. Badala ya kuwafukuza wanawapa nyumba mahali wanapotaka wao. Nyumbani unaweza kufanya hivo hivo. Maji ya pampu yasiingie kwa tangi kwa paipu iliyozama, yaangukie kwanza kwa sinia iliyotobolewa matundu madogo madogo yanyeshe kama mvua mpaka tangi la kwanza, yatulie usiku, hapo chuma kingi kinabaki chini. Tangi hilo liwe na koki ya chini kabisa, uifungue kila wiki tope litoke. Kutoka hapo maji yachukuliwe juu juu yapite kwa pipa la mchanga wa mto uliooshwa, chini kuna changarawe, polepole, ndo yaende tangi la kutumia.

Mwezi wa kwanza mchanga utashika chuma lakini weusi utaendelea kutokea kwa shawa, usikate tamaa ukaubomoa. Bakteria wa manganisi wanachukua muda, wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, na utajua wamehamia ukiona chembe za mchanga zinaanza kuwa nyeusi. Huo weusi ndo chujio lenyewe. Fundi akija akataka kuuosha kwa Jik, ile klorini ya kufulia, mzuie mlangoni! Mchanga ukiziba osha kwa maji ya kisima hayo hayo, koroga kidogo tu, usiusugue ukawa mweupe. Klorini ukitaka kuweka, na ikiwa choo kiko karibu itabidi, iwe baada ya mchanga, kwa tangi la mwisho. Tope unalotoa usilimwage karibu na kisima wala kwa mchicha, chimba shimo mbali ulizike. Chumvi kwa maji hii njia haitoi, hiyo ni shida ingine na dawa yake ni ghali.

Kanzu je, kwanza usiiweke Jik, klorini inaganda chuma ndani ya uzi na doa linakaa milele. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja mbili, suuza kwa maji ya mvua au ya kununua, si ya kisima. Rudia kama mara tatu. Doa la manjano litaondoka, lile jeusi linakawia zaidi, lijaribu kwanza kwa pindo la ndani.

Majibu ya maabara yakitoka niandikie namba ya manganisi ya pampu na ya jikoni zote mbili, pamoja na umbali wa choo kutoka kisimani kwa hatua. Namba ya jikoni ikiwa kubwa kuliko ya pampu, tope la tangi limeshaanza kurudisha, na hapo kabla ya sinia na mchanga kazi ya kwanza ni kulitoa hilo tope lote.